Kwadi Kaskazini mwa Unguja: Mambo ya Kujua Kabla Hujatia Mafuta

Nikiuliza kundi "nani kati yenu amewahi kuendesha pikipiki?", yule wa kwanza kunyanyua mkono humweka nyuma yangu pale pale nimuone vizuri. Si kwa heshima. Aliyezoea bodaboda huja na mazoea mawili yanayomponza kwenye kwadi, hizi pikipiki za tairi nne: anasubiri chombo kilale chenyewe kwenye kona, na akihisi kinayumba anashusha mguu chini. Yule ambaye hajawahi kushika usukani wowote hana cha kusahau, husikiliza, na mara nyingi tukifika kituo cha kwanza ameshampita mwenzake kwa ustadi.

Kazi yangu ni kuongoza misafara ya kwadi katika Wilaya ya Kaskazini A. Twaanzia upande wa Kendwa na Nungwi, tunashuka na njia za ndani mpaka Fukuchani, na safari ndefu huvuka kwenda upande wa Matemwe. Wageni wengi ni Wazungu, lakini siku hizi napokea pia watu wa Dar, Wakenya, na jamaa zetu waliokulia Muscat na Dubai wanaokuja Sikukuu kuona bibi zao. Hao ndio ninaowaandikia, maana maelekezo tunayowapa uwanjani kabla ya kuondoka ni mafupi, na nusu ya watu wakati ule wanapiga picha.

Uwanda si mbuga

Ukitazama Unguja kutoka juu, upande wa magharibi na katikati una udongo mzito, ndiko kwenye mikarafuu na viungo. Kaskazini na mashariki ni uwanda: jiwe la matumbawe lililokuwa chini ya bahari zamani, limefunikwa na udongo kidogo unaojaa kwenye vishimo. Mkulima wa huku hupanda muhogo mahali udongo ulipojikusanya, na mawe anayoyatoa huyarundika pembeni. Njia zetu zinapita humo. Jiwe hili likivunjika hukata, na lililo pembeni ya njia hufichwa na majani.

Ndiyo maana hapa hakuna mashindano. Mwendo wetu wa kawaida ni kilomita 20 hadi 30 kwa saa, na juu ya uwanda huo ni mwendo mkubwa. Vijana wa Muscat hunicheka kidogo; wao wamezoea vilima vya mchanga vya Sharqiya huko Oman, ambako mtu hupiga mafuta mpaka mwisho. Kule hatari iko kileleni, hujui nani anapanda upande wa pili, kwa hiyo kila chombo husimamishiwa kijiti kirefu chenye bendera. Hapa hatari iko chini ya tairi. Kanuni yangu ni moja: pita palipopita tairi zangu. Nikikwepa kulia, kwepa kulia hata kama wewe huoni sababu. Sababu ninaijua mimi.

Kuhusu msimu, wakati wa kusi, Juni mpaka Septemba, hali ya hewa ni ya ubaridi na njia ni kavu na imara. Wakati wa kaskazi, Disemba hadi Februari, jua ni kali na vumbi jekundu linaingia mpaka masikioni. Masika, Machi mpaka Mei, kuna madimbwi ambayo huwezi kujua kina chake, na jiwe lililolowa huteleza kama sabuni. Ila ukiniuliza siku ninayoipenda, ni ile ya baada ya mvua moja ya usiku wakati wa vuli: vumbi limelala, tope halijawa tope. Saa tatu asubuhi au saa tisa na nusu alasiri ni nyakati nzuri. Anayekuuzia safari ya saa sita mchana anataka kujaza nafasi tu.

Kuweka nafasi

Maswali ni machache, yaulize kwa WhatsApp kabla hujatuma hela ili majibu yabaki kwenye maandishi. Bei ni ya mtu au ya kwadi? Hapo ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa, kwa sababu watu wawili juu ya chombo kimoja hudhani wamelipa, kumbe amelipa mmoja. Uliza bei ya wakaazi. Mara nyingi ipo na haitangazwi. Uliza muda wa kuendesha wenyewe, si muda wa kuchukuliwa hotelini mpaka kurudishwa. Uliza kiongozi mmoja anachukua kwadi ngapi, na kama kuna mtu wa pili anayefunga mkia. Kundi lenye kiongozi mbele tu, mkiani hakuna mtu, mimi nisingempeleka ndugu yangu. Wa mwisho akikwama nyuma ya kona, nani atajua?

Ukifika utapewa karatasi ya kutia saini. Isome, hasa pale palipoandikwa nani analipa chombo kikivunjika na kiasi gani. Kisha zunguka kwadi yako na simu, piga picha madigadi, taa na mikwaruzo yote ya zamani mbele ya mfanyakazi. Hatukasiriki, anayekasirika ana sababu yake. Mgeni kutoka nje ya nchi hutakiwa kuwa na bima ya safari ya Zanzibar, utaratibu ulioanza Oktoba 2024 kwa dola 44, lakini usiichukulie kuwa inabeba kila kitu. Soma kilichoandikwa kuhusu michezo ya hatari. Na muulize kiongozi hospitali iliyo karibu ni ipi. Kwetu ni Kivunge, na kiongozi asiyeweza kulijibu swali hilo papo hapo hajajipanga.

Mwenye mimba abaki pwani. Mwenye mgongo mbovu au shingo inayomsumbua pia. Mwenye pumu aje na dawa yake mfukoni na aniambie, nimweke wa kwanza nyuma yangu ambako vumbi ni dogo. Aliyekunywa, hata bia moja ya mchana, namrudishia pesa yake.

Mavazi

Suruali ndefu na raba zilizofungwa kamba. Ndara hapana, hata zile nzuri za ngozi. Ekzosi ipo karibu na shavu la mguu, na karibu kila mtu aliyewahi kuungua kwenye msafara alivaa kaptula. Mikono mirefu itakukinga na jua na miiba ya porini. Usivae nyeupe, udongo mwekundu wa huku ukiingia kwenye pamba hautoki wote.

Puani na mdomoni funga kitambaa. Tunauza vile vya kuvuta shingoni, lakini kanga ya mama yako ni bora, nyepesi na pana. Kina dada wanaovaa ushungi, ufungeni kwa pini na ncha zote ziingie ndani ya nguo. Kanga au buibui inayopepea nyuma inaweza kunaswa na tairi. Buibui lenyewe ni afadhali uliache ukavae dira fupi juu ya suruali. Helmeti ijaribu kwa kuitikisa: kichwa kikiwa kimetulia na helmeti inacheza, omba nyingine. Mkanda wa kidevuni upitishe vidole viwili tu. Miwani ya vumbi ni lazima, hata kama unavaa miwani ya kuonea, na kama haikai juu yake sema mapema, zipo kubwa.

Jinsi chombo kinavyokwenda

Mafuta hutiwa kwa kikono kidogo kinachosukumwa na kidole gumba cha kulia, si kwa kuzungusha mkono. Sukuma taratibu, achia, kinarudi chenyewe. Kabla ya kuondoka jaribu mara kadhaa injini ikiwa imezimwa: kisiporudi haraka, kataa chombo hicho. Breki ziko mikononi na nyingi zina ya mguu pia. Mkono wa kushoto kwa kawaida hushika nyuma, wa kulia mbele, lakini hutofautiana, kwa hiyo uliza ya kwako. Kuna swichi nyekundu ya kuzimia. Ijue kwa kidole bila kuitazama, ndiyo itakayokuokoa siku kidole gumba kikiganda kwa woga, na woga huganda kwenye mafuta zaidi ya kwenye breki.

Watu hudhani tairi nne maana yake chombo hakianguki. Kinaanguka. Zamani zilikuwa za tairi tatu, na zilipindua watu wengi kiasi kwamba mwaka 1988 huko Marekani watengenezaji walikubaliana na serikali kuacha kuziuza. Tairi ya nne imesaidia sana lakini haijafuta ukweli kwamba chombo ni kirefu kwenda juu, chembamba, na kina uzito wa kilo mia mbili na hamsini au zaidi kikikulalia.

Kitu kinachokizuia kisianguke ni kiwiliwili chako. Tazama mabaharia wa ngalawa upepo ukiwa mkali: wanahamia upande wa juu, hawakai tu wakingoja Mungu awasaidie. Kwenye kwadi fanya hivyo hivyo. Unapanda mlima, sogea mbele mpaka kifua kikaribie usukani. Unateremka, rudi nyuma, nyoosha mikono, acha injini ikushike na uguse breki kidogo kidogo. Njia imeinama upande, egemea upande wa juu. Kona ya kulia, hamishia makalio na bega kulia, kona ya kushoto kushoto. Kwadi nyingi za kukodisha hazina difu nyuma: tairi mbili za nyuma huzunguka sawasawa, na kwa sababu hiyo chombo hupenda kwenda moja kwa moja hata usukani ukiwa umekatwa. Ukipunguza mafuta kabla ya kona, ukaegemea ndani huku uzito wa miguu ukiwa kwenye kikanyagio cha nje, ile tairi ya ndani inapata kuteleza kidogo na chombo kinakata. Ukikaa wima kama umepanda daladala, kitakupeleka kwenye muhogo wa mtu.

Miguu haiondoki kwenye vikanyagio. Narudia hili kila asubuhi na kila asubuhi kuna anayesahau. Mguu ukigusa chini, tairi ya nyuma iko nyuma yake tu, inaupanda kwa kisigino na kumvuta mtu. Nimeona raba ikibaki njiani na mwenyewe akiwa salama, tukashukuru Mungu. Wengine hawana bahati hiyo.

Kwenye mawe inuka kidogo, magoti yakunjwe, uzito uwe miguuni. Tairi za kwadi hujazwa upepo kidogo sana, karibu pauni 5, wakati gari lako lina zaidi ya 30, kwa hiyo zinameza jiwe dogo zenyewe. Usikaze mikono kupigana na usukani. Ushike kama unavyomshika mtoto mkono barabarani. Vidole gumba visizungushiwe ndani ya usukani kwenye mawe makubwa, ukigeuka ghafla unateguka. Macho yatazame mbali, pale unapotaka kwenda. Ukikodolea jiwe unalotaka kulikwepa, utaligonga, hilo nimeliona mara nyingi mno kulionea shaka.

Umbali kati ya kwadi na kwadi: vumbi likikuzidi, uko karibu mno. Rudi nyuma mpaka umuone aliye mbele yako wote, tairi kwa helmeti. Nikiinua mkono juu, tunasimama. Nikiushusha na kuutikisa, punguza. Kila mmoja ampelekee ishara aliye nyuma. Hakuna kupita aliye mbele, hata mumeo, hata kama anakukera.

Abiria anaruhusiwa tu kwenye chombo kilichotengenezwa na kiti cha watu wawili, na vikanyagio vyake anavifikia. Naye anaegemea pamoja na dereva. Abiria anayeogopa na kuegemea upande wa pili ni mzigo mbaya kuliko gunia la mchele. Watoto: watengenezaji wenyewe wa kwadi kubwa wanasema dereva awe na miaka 16 na kuendelea, na mimi sishuki hapo hata baba akiniahidi bakshishi. Mtoto wa miaka minane kukaa mbele kati ya mikono ya baba ni picha nzuri na ni ujinga, maana baba hawezi kuegemea popote.

Tunapita majumbani kwa watu

Sehemu ngumu ya kazi hii kwangu si mawe, ni vijiji. Njia hizi ni za watu wanaokwenda kisimani, shambani na skuli, na mlio wa kwadi sita unasikika kabla hatujafika. Tukikaribia nyumba ya kwanza tunashuka mpaka mwendo wa mtu anayetembea, bila kupiga mafuta kwa mikupuo. Vumbi unalolitimua linaangukia dagaa walioanikwa, na karibu na pwani kuna mwani umetandazwa kwenye majamvi pembeni ya njia. Kazi ya wiki nzima ya mwanamke mmoja, usiikanyage wala kuinyunyizia mchanga.

Ng'ombe wa huku hufungwa kamba ndefu. Ukimuona upande mmoja wa njia, tafuta kamba ilipo kabla hujapita, maana mara nyingine mti aliofungiwa uko upande wa pili.

Watoto watakuja mbio wakiita. Wapungie mkono, wasalimie, lakini usirushe pipi. Nawaambia wageni sababu bila kuzunguka: mtoto aliyefundishwa kwamba pipi hudondoka kutoka kwenye kwadi atakimbilia tairi za kwadi inayofuata. Daftari na kalamu ni nzuri, zipelekwe kwa mwalimu mkuu au kwa sheha, kiongozi wa serikali hapo kijijini, atajua pa kuzigawa. Picha ya mtu iombwe. Sisi Waswahili hatuna kisingizio cha lugha: zima injini, vua helmeti, "Asalam alaykum, hamjambo?", mkubwa umpe shikamoo yake, ndipo uombe. Nimeona Mtanzania wa Bara akimpiga picha bibi anayesuka ukili bila hata kumsalimia, na bibi akaniuliza mimi, si yeye, "Huyu mwanangu hana kwao?"

Mabega na magoti yafunikwe tukiwa kijijini. Mwezi wa Ramadhani maji na chakula tunakula mahali pa faragha tulipopangiwa. Ikisikika adhana tukiwa karibu na msikiti, tunazima na kungoja pembeni. Tukikuta turubai na watu wameinama, hapo pana msiba: tunarudi nyuma na kuzunguka, hata kama njia ya pili ni ndefu na wewe umelipia muda.

Fukuchani ndiko ninakopenda kusimama zaidi, na kuna wageni hunilalamikia kuwa ninawapunguzia muda wa kuendesha. Pana magofu ya nyumba ya mawe ya karne ya 16, imetazamana na kisiwa cha Tumbatu. Wenyeji huita ya Wareno, lakini wachunguzi wa mambo ya kale wanaielekeza kwa Waswahili wenyewe. Kuta zina matundu madogo. Simama nyuma ya moja uone mkondo wa bahari ulivyo wazi mbele yako, ndipo utajua aliyejenga alichagua mahali. Usipande juu ya ukuta. Kwadi zinabaki barabarani. Ng'ambo ya barabara kuna magofu mengine ya Mvuleni yenye pango lenye maji ndani, na kama kundi lina subira tunafika huko kwa miguu.

Swali ninaloulizwa kila siku: "Tutaendesha ufukweni?" Hapana. Kasa hutaga mchangani, na mtaro wa tairi ni shimo ambalo kitoto cha kasa hakiwezi kulipanda kikienda baharini. Maji yakitoka kuna kina mama wanakwenda kwenye mwani na watoto wanacheza mpira. Kampuni inayokutumia picha za kwadi ikikata mawimbi inakuonyesha vipi inavyofanya kazi. Ichukulie kama taarifa.

Mkirudi

Zima, weka breki ya kuegesha, shuka upande ulio mbali na ekzosi, kisha zungukeni chombo pamoja na mfanyakazi mkilinganisha na zile picha. Amana yako, ile hela uliyoweka kama dhamana, irudi hapo hapo kabla hujapanda gari la hotelini, si "tutakutumia". Suuza macho kwa maji safi usiyafikiche. Kidole gumba na misuli ya mapaja vitakuuma kesho yake. Mapaja yakiuma uliendesha vizuri, mikono ikiuma ulipigana na usukani safari nzima.

Bakshishi mpe kiongozi na yule wa mkiani kila mmoja mkononi mwake, kwa sababu wa mkiani ndiye aliyekula vumbi la kwadi zote na mara nyingi hakuna anayemkumbuka. Na nguo ziloweke jioni ile ile kwenye maji baridi ya chumvi kidogo, kabla udongo haujakauka nazo.